Maswali yenu: flashi inapiga mluzi lakini haiwaki

Mwezi huu meseji nyingi zimekuja kuhusu flashi, nadhani ni sababu ya msimu wa harusi, watu wametoa vifaa kabatini na vingine vimegoma. Nimechagua yale maswali ambayo jibu lake litasaidia wengi. Ombi langu moja tu kabla hatujaanza: hata kama wewe ni mpiga picha na hujawahi kushika bisibisi maishani, soma jibu la pili lote, sababu kuna mtu hapo nyumbani au studio siku moja atataka kuifungua hiyo flashi yako aone ndani kuna nini.

SWALI (Tanga): Fundi habari za kazi. Mi napiga picha za harusi na vipaimara, nimenunua flashi ya mtumba ya zamani kidogo. Nikiiwasha inapiga mluzi ule wa wiiii lakini kile kitaa chekundu kinachukua karibia dakika nzima kuwaka, alafu nikipiga mbili tatu betri zinakuwa za moto na picha zinatoka giza. Betri nimeshabadilisha sana tu. Je tyubu ndo imekufa?

JIBU: Salama kabisa ndugu yangu. Tyubu haijafa. Tyubu ikifa mara nyingi flashi inajaza vizuri, kitaa kinawaka kwa wakati wake, alafu ukibonyeza hamna kitu. Ya kwako tatizo liko nyuma zaidi, kwenye kujaza, na ili tuelewane inabidi tufuate njia ya umeme toka mwanzo.

Betri zako nne za AA zinatoa volti 6. Tyubu ina gesi ya zenoni ndani na inataka volti kama 300 na zaidi. Huwezi kupata 300 kutoka 6 bila transfoma, na transfoma haifanyi kazi na umeme wa betri ambao umetulia tu, kwa hiyo kuna transista inaukatakata huo umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na huo mluzi unaousikia ndo kazi ya transista na transfoma, yaani ni sauti nzuri, inakwambia nusu ya kwanza ya saketi iko hai. Utaona pia mluzi unapanda juu kadiri flashi inavyojaa. Kutoka kwenye transfoma umeme unapita kwenye dayodi, unaingia kwenye kapasita kubwa, ile ya duara nyeusi inayochukua nafasi kubwa kuliko kitu chochote humo ndani. Kapasita ni kama pipa unalojaza kwa bomba linalochuruzika kidogo kidogo alafu unalimwaga lote kwa mpigo. Betri yenyewe haiwezi kutoa mwanga ule, ila inaweza kujaza pipa taratibu.

Ukibonyeza kamera, kuna kapasita nyingine ndogo sana inamwaga umeme wake kwenye kitransfoma kidogo, hicho kinatoa volti elfu kadhaa kwenye waya mwembamba unaogusa kioo cha tyubu kwa nje. Zenoni ambayo ilikuwa haipitishi umeme sasa inapitisha, na pipa lote linapita humo ndani kwa muda wa karibu sehemu moja ya elfu ya sekunde. Basi, ndo flashi hiyo.

Sasa hesabu kidogo maana hapa ndo jibu lako lilipo. Nishati iliyomo kwenye kapasita ni nusu ya ukubwa wake mara volti mara volti tena. Kapasita ya mikrofaradi 1,000 ikiwa na volti 330 inabeba jouli kama 54. Ikifika volti 264 tu, yaani asilimia 80, imebeba jouli 35 hivi. Umeona? Volti zimepungua kidogo, mwanga umepungua zaidi ya theluthi. Na kile kitaa chekundu kwenye flashi nyingi kinawaka kabla pipa halijajaa, kwa hiyo mtu anayepiga mara tu kitaa kinapowaka anapata picha giza kidogo na analaumu lenzi. Subiri sekunde chache zaidi baada ya kitaa, hilo tu litakubadilishia kazi.

Kuhusu kuchelewa, kuna vitu viwili. Cha kwanza ni aina ya betri, sio upya wake. Wakati wa kujaza flashi inavuta ampea kadhaa kwa mpigo, na zile betri za kaboni za bei poa tunazoweka kwenye redio na saa ya ukutani haziwezi kabisa, unaweza kununua mpya kila siku na hali ikawa ile ile. Tumia alkalaini nzuri au bora zaidi zile za kuchaji za NiMH. Watu wanaogopa sababu zimeandikwa volti 1.2 badala ya 1.5, lakini ukinzani wao wa ndani ni mdogo, zinaachia ampea bila kulegea, na flashi inajaa haraka kuliko alkalaini.

Cha pili, na mimi hapa ndo nina wasiwasi zaidi kwa sababu umesema betri zinapata moto, ni kapasita kukaa miaka bila kutumika. Ndani yake kuna karatasi ya aluminiamu yenye utando mwembamba wa oksaidi ambao ndo unazuia umeme usipite. Flashi ikilala muda mrefu ule utando unadhoofika, umeme unavuja, unajaza huku na kule unatoka. Dawa ipo: weka betri nzuri, washa, acha kitaa kiwake, usipige, iache dakika kadhaa, zima, pumzisha, rudia. Baadae anza kupiga kwa nguvu ndogo kabisa ukipanda. Mara nyingi utando unajijenga upya na flashi inarudi kijana. Lakini kama betri zinakuwa za moto kiasi cha kushindwa kuzishika, au kapasita imevimba, au kuna harufu kali, zima na utoe betri, hiyo kapasita inataka kubadilishwa. Na mkishafanikiwa msiirudishe kabatini mwaka mzima, iwasheni angalau mara moja kwa mwezi.

SWALI (Mombasa): Fundi shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa umeme, nimepewa kamera mbili za zamani za filamu zenye flashi ndani, nataka nitoe ile saketi niifanyie projekti. Sasa rafiki yangu alishawahi kupigwa shoti na kamera ambayo haikuwa na betri siku kadhaa, nikaona ananidanganya. Yawezekana kweli? Na nitaitoa vipi huo umeme?

JIBU: Marahaba mwanangu, na umefanya la maana sana kuuliza kabla ya kufungua. Rafiki yako hajakudanganya hata kidogo. Kapasita ikiwa nzima inatunza umeme siku nyingi bila betri, haina habari kwamba kamera imezimwa. Kwenye kamera ndogo za hivyo mara nyingi ni mikrofaradi 120 hivi kwa volti 330, jouli kama 6 na nusu, hiyo itakurusha mkono, itakuchoma kidole na unaweza kujigonga au kuangusha kitu. Flashi ya juu ya kamera yenye jouli 50 na kitu ni habari nyingine kabisa, ikipita mkono mmoja kwenda mwingine inapita kifuani, na hiyo inaweza kuua. Zile za studio za jouli mia tatu na kuendelea naomba usizifungue kabisa mpaka uwe umefanya kazi chini ya fundi anayezijua.

Fanya hivi. Toa betri kwanza. Usiamini kitaa, kitaa kikizima maana yake volti zimeshuka chini ya kiwango cha kukiwasha tu, pipa bado lina kitu. Usiamini pia kwamba ukiipiga flashi mara moja imeisha, tyubu inazimika volti zikiwa zimebaki makumi kadhaa. Tafuta rezista ya omu 2,200 ya wati 5 au 10, zile nyeupe za seramiki madukani zipo na ni bei ndogo, iunganishe waya mbili zenye maganda mazuri na ncha za kupimia. Funga saketi uliyoitoa juu ya meza kavu isichezecheze, mkono mmoja uweke nyuma kabisa, tumia mkono mmoja kugusisha ncha kwenye miguu miwili ya kapasita kubwa. Kwa kapasita ya 120 inashuka ndani ya sekunde moja au mbili, kwa ya 1,000 hesabu sekunde kumi na zaidi, ila wewe shikilia nusu dakika kwa zote, huna haraka ya kwenda popote. Alafu pima kwa mita, ukiweka kwenye volti za DC eneo la 600 au 1,000. Ikishuka chini ya volti chache sawa. Pima tena baada ya dakika kadhaa, maana kapasita hizi zina tabia ya kurudisha volti kidogo zenyewe baada ya kumwagwa, kwa hiyo unapofanya kazi acha ile rezista imeungwa hapo hapo.

Mafundi wengi wanagusisha bisibisi kwenye miguu ya kapasita, inalia paa! wanaendelea. Naomba sana tuache hii. Ule mlipuko unayeyusha chuma na vipande vinaruka machoni, unaumiza kapasita kwa ndani, na kijana anayekuangalia anajifunza kwamba ndo inavyofanywa. Rezista ni bei ya soda au chini ya hapo. Kama kweli huna, balbu ya zamani ya waya ya volti 240, ile ya wati 40 au 60 kwenye kishikio chake na waya mbili, inafanya kazi nzuri na utaona inamulika kidogo inazima. Sio balbu ya LED, hiyo haitamaliza. Na hata ukitumia balbu, mita bado ni lazima.

SWALI (Mwanza): Marehemu baba aliacha flashi ya Vivitar 283, bado inapiga vizuri mno. Nimenunua kamera ya kidijitali, jamaa mmoja ananiambia nikiiweka juu itaua kamera. Ni kweli au ananitisha?

JIBU: Pole kwa msiba dada, na hongera kwa kuitunza hiyo 283, ni flashi ngumu kweli kweli. Jamaa ana hoja. Kwenye flashi nyingi za zamani ile kapasita ndogo ya kuchokoza tyubu ilikuwa inaungwa moja kwa moja na kamera, kwa hiyo zile volti 200 na kitu zinakaa kwenye pini ya katikati pale flashi inapochomekwa. Kamera za wakati ule zilikuwa na vibati viwili vya chuma vinavyogusana, hazikuwa na shida. Kamera za sasa zinafunga njia hiyo kwa kifaa cha elektroniki, na kiwango cha kimataifa cha ISO 10330 kinasema kamera istahimili mpaka volti 24. Kuna kamera za sasa zinazostahimili mpaka 250, ila hilo lisome kwenye kitabu cha kamera yako yenyewe usikisie.

283 zilitengenezwa miaka mingi na hazilingani, za mwanzo zina volti kubwa, za baadae nyingi ni ndogo, kwa hiyo pima. Washa, subiri kitaa kiwake na sekunde kadhaa mbele, mita kwenye DC, ncha nyekundu kwenye pini ya katikati chini ya flashi na nyeusi kwenye chuma cha pembeni. Tumia mita ya kidijitali, mita ya mshale ya bei rahisi inavuta volti chini unadhani flashi iko salama kumbe sio. Ukipata 5 au 10, furahi. Ukipata 180, usiiweke juu ya kamera. Hapo nunua adapta ya kutenganisha, Wein Safe-Sync ni mojawapo inayojulikana, au mpe fundi anayejua akutengenezee ya optokapla, MOC3021 inafaa, kamera inawasha kitaa kidogo ndani ya chipu na chipu ndo inachokoza flashi, umeme wa flashi haukutani na kamera kabisa. Angalizo lingine, vipokezi vya redio vya bei nafuu navyo vinaweza kuungua kwa volti hizo hizo, usifikiri redio ndo kinga.

SWALI (Dodoma): Picha inatoka nusu ya juu vizuri nusu ya chini nyeusi. Flashi mbovu?

JIBU: Flashi nzima. Umeweka spidi ya shata juu sana. Mbele ya sensa kuna mapazia mawili, kwenye spidi mpaka 1/200 au 1/250 kwa kamera nyingi kuna kitambo ambapo sensa yote iko wazi na flashi inapiga hapo. Ukipita hapo pazia la pili linaanza kufunga kabla la kwanza halijamaliza, sensa inamulikwa kwa ufa tu unaotembea, na flashi ya sehemu moja ya elfu ya sekunde inakuta sehemu imefunikwa. Shusha mpaka 1/160 umalize. Flashi za kisasa zina njia ya spidi kubwa ambayo zinakata mwanga vipande vipande kwa kasi mno mpaka ufa unapita wote, inafanya kazi lakini nguvu inapungua sana, itumie juani tu unapotaka kufungua lenzi.

SWALI (Arusha): Nimeona picha ya tone la maziwa limeruka limefanya kama taji. Kamera yangu mwisho wake ni 1/4000. Hiyo ilipigwa na kamera gani?

JIBU: Nimelipenda hili swali. Picha ya taji la maziwa inayojulikana zaidi ni ya Harold Edgerton, mwalimu wa uhandisi wa umeme pale MIT Marekani, hiyo ya rangi ni ya mwaka 1957 ingawa alikuwa akipiga matone ya maziwa toka miaka ya 1930. Yeye ndiye aliyeichukua taa ya umeme ya kumulika mashine zinazozunguka, ili zionekane kama zimesimama, akaifikisha kwenye upigaji picha, na flashi tulizonazo leo zimetoka kwenye kazi ile. Kamera ilikuwa kitu kidogo tu, kinachosimamisha tone ni urefu wa mwanga. Chumba kikiwa giza, shata inaweza kukaa wazi, picha inaandikwa wakati flashi inawaka peke yake.

Kwa hiyo achana na 1/4000. Zima taa, weka 1/160, na flashi ya juu ya kamera ishushe mpaka 1/64 au 1/128 ya nguvu. Watu wanafikiri kushusha nguvu ni kujaza pipa kidogo. Kwenye flashi hizi pipa linajaa kama kawaida, ila kifaa cha elektroniki kinakata njia kabla halijaisha, kwa hiyo mwanga mdogo maana yake mwanga mfupi, kwa nguvu hizo za chini unafika 1/20,000 ya sekunde au mfupi zaidi. Zamani flashi za otomatiki zilikuwa na tyubu ya pili ya siri ambayo inanyonya umeme uliobaki na kuutupa bure, zikaja za thairista, yaani swichi ya elektroniki, ambazo zinakata na kubakiza umeme kwenye kapasita kwa ajili ya picha inayofuata, na ndo maana flashi yako ukiipiga karibu karibu kwa nguvu ndogo inakuwa tayari papo hapo. Flashi nyingi za studio za bei ya kawaida ni kinyume, zenyewe zinashusha volti za kapasita, na ukizishusha mwanga unakuwa mrefu zaidi, ndo maana ukipiga maji kwa taa ya studio kwenye nguvu ya chini yanatoka ukungu na mtu anashangaa.

Nguvu ikishuka sogea karibu. Namba ya nguvu ya flashi yako (guide number) ukiigawa kwa umbali wa mita unapata f, yaani ufunguzi wa lenzi. Ya 32 kwa mita 4 ni f/8. Ukishusha mpaka 1/64 namba inagawanywa kwa 8, sababu 8 ni kipeuo cha pili cha 64, inabaki 4, weka flashi nusu mita kutoka kwenye tone unarudi f/8 ile ile. Maziwa, sahani nyekundu, kifaa cha kudondoshea dawa, na mtu wa kukusaidia. Risasi inayotoboa tofaa, ya mwaka 1964, hiyo huwezi kwa flashi hii, Edgerton alitumia cheche maalum iliyodumu chini ya sehemu moja ya milioni ya sekunde.

SWALI (Nairobi): Nina flashi mbili, ya pili nimeiwekea jicho la kuwaka ikiona ya kwanza. Inawaka poa nikiiangalia kwa macho, lakini kwa picha mwanga wake hauko.

JIBU: Flashi yako ya kwanza iko kwenye TTL, yaani kamera inajipimia yenyewe mwanga wa flashi, kwa hiyo inatoa kimwanga cha kupima kabla ya picha. Jicho haliwezi kujua, linawaka kwa kile cha kupima na wakati shata inafunguka pipa liko tupu. Weka ya kwanza kwenye manuali, yaani nguvu unaichagua mwenyewe, au kama ya pili ina S1 na S2 chagua S2 ambayo inaruka kimwanga cha kwanza. Na zima ile ya kuondoa macho mekundu, yenyewe inatoa vimwanga vya ziada vinavyochanganya hata S2.

SWALI (Bukavu): Huku umeme unakatika sana. Rafiki zangu wote wanaacha flashi wananunua taa za LED za wati 60. Nami nifanye hivyo kwa picha za studio?

JIBU: Kama unarekodi video, LED ni lazima, flashi haina msaada. Kwa picha, angalia hesabu kabla ya kutoa hela. LED ya wati 60 kwa shata ya 1/200 inatumia jouli 0.3 kwenye picha yako. Flashi ndogo ya betri nne ina 54 na inazimwaga zote ndani ya ufunguzi ule ule. Hata tukisema LED inageuza umeme kuwa mwanga vizuri mara mbili kuliko tyubu, flashi bado inaishinda kama mara 90. Ndo maana mwenye LED anapandisha ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga), anafungua lenzi wazi, na mtoto akitikisika kidogo picha imeharibika. Na kwa shida yako ya umeme flashi inakusaidia zaidi, haivuti kitu ukutani, seti mbili za betri za NiMH za kubadilishana zinakupitisha jioni nzima ya picha. Mimi ningenunua flashi moja nzuri yenye manuali, mwavuli mweupe wa kupitishia mwanga na stendi, alafu hela ikibaki ndo LED ndogo ya video.